Chuma Kisicho na Jina

Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Miaka kadhaa baadaye zikaja hereni za kielektroniki, na wafugaji wengi wakanung'unikia bei yake. Sina nia ya kuufufua ubishi ule. Ninachotaka ndugu msomaji akione ni wazo lililomo ndani ya sheria hiyo: kwamba mnyama akiugua, au nyama yake ikitiliwa shaka buchani, dola iweze kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye zizi alikotoka. Ni wazo la busara. Sisi tuliokulia Ihanda, kwenye migomba, kahawa na maharage, tulilijua kabla ya kusoma sheria yoyote, kwa kuwa hakuna mfugaji wa Karagwe asiyemjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake.

Pikipiki inayobeba abiria kutoka Ihanda kwenda Kayanga nayo inatambulika. Ina namba ya usajili, namba ya fremu na namba ya injini. Gunia la kahawa likiingia ghala la chama cha msingi linapimwa na kuandikwa, na mkulima anaondoka na stakabadhi yake. Sasa pikipiki hiyo ianguke kwenye kona, abiria avunjike paja, apelekwe hospitali, apasuliwe na kutiwa chuma. Chuma hicho kitakaa naye miaka ishirini, pengine kitazikwa naye. Muulize ni chuma gani, kimetengenezwa na nani, kina namba gani. Atakuonyesha kovu.

Wataalamu huviita vifaa hivi vipandikizi, yaani vitu vinavyowekwa ndani ya mwili vikakaa humo. Watu wetu wana majina yao. Bamba na skrubu za mifupa huitwa vyuma tu. Ile mitambo ya nje ya mguu, yenye vijiti vilivyochomoza kwenye ngozi, huitwa antena, na sidhani kama kamati yoyote ya istilahi ingebuni jina bora kuliko hilo. Vya uzazi wa mpango ni vijiti. Kinachousaidia moyo kupiga ni betri ya moyo. Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho amewekewa lenzi. Majina haya yanatosha kwa mazungumzo ya nyumbani. Hayatoshi siku kifaa kinapoharibika.

Shangazi yangu alivunjika paja akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, akitoka gulioni. Hospitali iliyomtibu sitaitaja, na kwa hoja ninayoijenga jina lake halina uzito, kwa sababu nimeshaona karatasi za aina hiyo hiyo kutoka hospitali nyingine nyingi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya miezi alirudi shambani, akapalilia, akavuna. Mwaka wa saba paja likaanza kuuma usiku, kisha kukatokea kitundu kidogo juu ya kovu kikitoa maji yasiyo na harufu nzuri. Tulimpeleka hospitali nyingine, kubwa zaidi, nje ya mkoa. Daktari bingwa akapiga picha, akaona bamba na skrubu nane, akasema vyote vitoke. Kisha akauliza karatasi za upasuaji wa kwanza.

Tulikuwa nazo. Shangazi ni mtu anayetunza karatasi. Cheti chake cha ubatizo na risiti za kahawa za miaka ya themanini ziko kwenye sanduku moja. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja wa maana: paja la kushoto, mfupa umeunganishwa kwa chuma. Basi.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo shahada zangu tatu hazikunifundisha. Kichwa cha skrubu ya mfupa hakifanani kwa watengenezaji wote. Kuna chenye tundu la pembe sita, kuna cha umbo la nyota, na hata za pembe sita hutofautiana vipimo. Kila aina ina bisibisi yake. Ukilazimisha bisibisi isiyo yake, kichwa kinalika, na skrubu iliyolika kichwa huwezi kuizungusha tena. Inabidi itobolewe au ikatwe ndani ya mfupa wa mtu. Ndiyo maana daktari anayekwenda kutoa chuma hutaka kujua kwanza ni cha nani. Asipojua, anaingia na trei tatu za vifaa na kubahatisha.

Alibahatisha kwa uwezo wake wote, na ninamheshimu. Bamba likatoka na skrubu zikatoka, isipokuwa moja iliyokatika na kubaki ndani. Siku ya tatu, akiwa wodini, shangazi aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za jirani: "Mwanangu, hicho kilichobaki ni cha nani?"

Swali hilo ni la mtu wa Karagwe. Nchi hii haikuanza kukijua chuma kwenye bodaboda. Watawala wa Bweranyange, Ndagara na mwanawe Rumanyika, walitunza vifaa vya kifalme vya chuma, wakiwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na Ndagara mwenyewe alisifika kwa ufundi wa uhunzi. Wazee wa kwetu walisimulia kwamba jembe likivunjika mapema, lilirudishwa kwa mhunzi aliyelifua, na mhunzi hakuwa na pa kujificha. Chuma kilikuwa na mwenyewe.

Ninafundisha utawala wa umma, si udaktari, kwa hiyo niliporudi kazini nilianza na ninachokifahamu: sheria na taasisi. Mwaka 2003 tulitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, tukapata TFDA. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, na mamlaka iliyobaki ikaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Si taasisi ya kubezwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, ya kwanza barani Afrika kufika hapo. Vifaa tiba hupangwa katika madaraja manne kwa kadiri ya hatari yake, na vingi vya kupandikizwa huangukia madaraja ya juu. Kuna usajili, kuna vibali vya kuingiza, kuna ukaguzi, kuna utaratibu wa kuripoti madhara.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Tanzania inadhibiti vipandikizi, nitajibu ndiyo, mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Bidhaa inajulikana bandarini, inajulikana ghalani, pengine inajulikana kwenye stoo ya hospitali. Ikishaingia mwilini, dola inaipoteza. Na ule utaratibu wa kuripoti madhara, ambao ni mzuri kwenye karatasi, unamtaka daktari ataje jina la kifaa, mtengenezaji na namba ya toleo. Daktari wa shangazi angejaza nini? Chuma kilichomletea taabu kilikuwa mkononi mwake, kwenye bakuli, na hakuweza kukitaja.

Kosa haliko kwa wauguzi peke yao. Lenzi ya jicho huja ndani ya pakiti yake, imeshatakaswa, na humo mna stika ndogo zenye jina, kipimo na namba. Muuguzi akitaka, anabandua moja na kuibandika kwenye faili. Betri ya moyo vivyo hivyo. Vijiti vya uzazi wa mpango, ambavyo huwekwa hata kwenye zahanati, huambatana na kadi inayomwonyesha mama siku aliyowekewa na siku ya kurudi kuvitoa. Lakini mabamba na skrubu za mifupa, mara nyingi, hukaa wazi kwenye trei. Trei inachemshwa kwa mvuke, inafunguliwa, daktari anachagua bamba la matundu nane na skrubu za urefu huu na ule, zilizobaki zinarudi kwenye mvuke kumsubiri mgonjwa mwingine, na zilizotumika zinajazwa kutoka kwenye boksi jipya. Boksi jipya linaweza kuwa la mtengenezaji mwingine. Baada ya mwaka mmoja trei hiyo ni kama chungu cha harusi: kila mtu ametia chake na hakuna ajuaye mchele upi ni wa nani. Bamba pengine limechorwa namba ubavuni. Skrubu ni ndogo mno. Na kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kununua na kutunza vyuma, ndiyo inayotumika zaidi kwa majeruhi wa bodaboda, yaani kwa maskini.

Wapo watakaosema haya ni madogo, chuma ni chuma. Hao nawakumbusha Ufaransa. Kampuni ya Poly Implant Prothèse, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilitengeneza vipandikizi vya matiti na kuvijaza silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matumizi ya tiba. Ilikuwa na vyeti vyote. Wakaguzi walikuja kwa taarifa, na wakaonyeshwa walichotakiwa kuonyeshwa. Ilipofungiwa Machi 2010, wanawake wapatao laki tatu katika nchi zaidi ya 60 walikuwa wamewekewa. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Lakini kwa mwanamke aliyekuwa Caracas au London, hukumu haikuwa na faida kama hakujua amewekewa cha kampuni ipi. Wengi hawakujua. Wengine waligundua baada ya kupasuliwa tena.

Mwaka huo huo wa 2010, mwezi Agosti, kampuni ya DePuy iliita kutoka masokoni nyonga yake ya bandia iitwayo ASR, iliyokuwa imewekwa kwa watu takriban 93,000 duniani. Chuma kilisagana na chuma, na chembe za kobalti na kromiamu zikaingia kwenye nyama na damu. Nani alikuwa ameona mapema? Daftari la taifa la Australia la viungo bandia. Humo kila nyonga imeandikwa na kila upasuaji wa marudio umeandikwa, na hesabu ilionyesha kwamba nyonga hii inarudi chumba cha upasuaji kuliko wenzake. Huko iliondolewa Desemba 2009, miezi kadhaa kabla ya dunia nyingine. Hakuhitajika mtaalamu wa ajabu, ila karani mwaminifu na mtu wa kujumlisha.

Na kama bado unaamini kwamba cheti cha Ulaya kinatosha, tafuta habari ya mwandishi wa Uholanzi, Jet Schouten. Alichukua wavu unaofungiwa machenza sokoni, akauandalia makabrasha kana kwamba ni nyavu za kushikilia viungo vya nyonga za wanawake, akaupeleka kwa taasisi zinazotoa ithibati. Hazikumfukuza. Kazi yake ilizaa uchunguzi mkubwa wa waandishi zaidi ya 250 kutoka nchi 36, uliochapishwa Novemba 2018.

Baada ya fedheha hizo Ulaya ilitunga kanuni mpya, namba 745 ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Mei 2021. Kifungu cha 18 kinamtaka mtengenezaji atoe kadi ya kipandikizi, na hospitali impe mgonjwa. Niliposoma hapo nilisimama nikafurahi. Halafu nikasoma aya ya tatu. Kadi hiyo haihitajiki kwa nyuzi za kushonea, kwa ziba za meno, na pia kwa skrubu, mabamba, nyaya na pini.

Skrubu na mabamba. Yaani vile vile vilivyomo kwenye mapaja ya vijana wetu.

Ulaya inaweza kujipa msamaha huo kwa sababu ni teknolojia ya zamani na inayofahamika, na kwa sababu mgonjwa akirudi baada ya miaka kumi, faili lake kwa kawaida litapatikana. Sisi tukiinakili kanuni hiyo neno kwa neno, kama tulivyozoea kunakili, tutawapa kadi watu wachache wenye nyonga na betri, ambao wengi wao wana bima na namba ya simu ya daktari wao, na tutawaacha nje wale walio wengi. Wanafunzi wangu wanaoandika tasnifu za sera waniwie radhi, lakini nimechoka kusoma sura ya mapendekezo inayosema Tanzania ijifunze kutoka nchi zilizoendelea. Ijifunze nini hasa, na aya ya ngapi?

Kama ni kujifunza, Sweden ilianzisha daftari la magoti bandia mwaka 1975, na hiyo ni safari ndefu kwetu. Lakini Malawi, jirani yetu wa ziwani, ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005. Malawi si tajiri kutushinda. Wagonjwa wa nyonga na magoti bandia huko walikuwa wachache, ndiyo, na pengine huo ndio wakati mzuri wa kuanza kuandika, kabla hawajawa wengi.

Mfano mwingine uko kwetu. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN kule Richland, Washington. Linatoa msumari wa kuunganishia mifupa mirefu, ulioundwa ili uweze kuwekwa hata pasipo mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imeutumia kwa miaka mingi. Msumari ni msaada, lakini una sharti: daktari anatuma taarifa ya kila upasuaji pamoja na picha za mionzi kwenye hifadhi ya shirika, na kwa taarifa hizo anajaziwa misumari mingine. Asiyeandika hapati. Madaktari wetu wanaandika. Naomba msomaji alitafakari hilo taratibu: Mtanzania aliyewekewa msumari wa sadaka anaweza kuwa na kumbukumbu nzuri zaidi, iliyohifadhiwa Marekani, kuliko Mtanzania aliyelipia bamba lake kwa kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo hoja ya kwamba hatuwezi, au kwamba madaktari wetu wana kazi nyingi, haisimami. Wanaandika pale ambapo kuandika kunaleta msumari wa kesho. Serikali ina uwezo wa kuweka sharti hilo hilo. Bohari ya Dawa inanunua, mifuko ya bima inalipa. Malipo ya chuma yafungwe kwenye namba ya chuma. Hakuna hospitali itakayosahau kuandika namba ambayo bila hiyo hailipwi. Na mzabuni anayeleta mabamba yasiyo na alama ya mtengenezaji na toleo aachwe nje ya zabuni. Kwa hayo sioni ulazima wa sheria mpya. Kanuni na mkataba wa ununuzi vinatosha kuanzia.

Wapo wanaotaja siri za wagonjwa. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kumficha mgonjwa habari za mwili wake mwenyewe si kumlinda siri yake.

Hofu kubwa zaidi haitajwi vikaoni. Karatasi yenye jina na namba ni ushahidi. Mwaka 2007 pale MOI wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishana upasuaji: aliyehitaji kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, aliyehitaji kutibiwa kichwa akapasuliwa mguu. Nchi nzima ilitikisika, na ilitikisika kwa sababu kosa lilionekana kwa macho. Chuma hafifu hakionekani hivyo. Kinaharibika polepole, wilayani, kwa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja anaambiwa mwili wake umekikataa chuma. Pengine kweli umekikataa. Lakini kama watu kumi na wanane katika wilaya tano wamekataliwa na miili yao kwa bamba la toleo moja, ni nani atakayejua?

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa walioko kwenye ofisi za waganga wakuu wa wilaya, wana uwezo wa kuongeza safu moja kwenye rejista ya chumba cha upasuaji bila kusubiri waraka wa wizara. Na wewe unayempeleka mzazi wako kupasuliwa, kabla ya kutia saini uliza chuma kitatoka kwa nani, na baada ya upasuaji omba stika. Kama haipo, omba jina la mtengenezaji liandikwe kwa mkono kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na piga picha kwa simu. Utaonekana msumbufu. Vumilia.

Mapema mwaka huu, katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, nilikutana na muuguzi wa chumba cha upasuaji ambaye amekuwa akiandika vyuma vyote kwa miaka minne katika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Tarehe, mgonjwa, mfupa, bamba, skrubu, namba pale inaposomeka. Hakuna aliyemwagiza. Alianza baada ya kuona upasuaji kama ule wa shangazi. Nilimuuliza siku akihamishwa daftari hilo litabaki kwa nani. Alicheka.

"Litabaki kabatini, Mwalimu. Ila ufunguo ninao mimi."